Sambaza anakula nini? Ugomvi wa Ziwa Kivu unaanzia tumboni

Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakipungua sokoni, Bukavu, mji wa Kongo ulio ufukoni mwa ziwa hilo, haikosi wa kulaumiwa. Mvuvi wa taa atakuambia wenye makosa ni wale wanaokokota vyandarua vya mbu ufukoni. Mwenye chandarua atakuambia ni uchimbaji wa gesi ziwani. Mama anayeuza katika soko la Kadutu atasema ni mbalamwezi, na kwa siku kadhaa za kila mwezi anasema kweli. Wazee watasema ziwa limechoka. Katika mabishano hayo ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo mfugaji wa kuku angeanza nalo: huyu mnyama anakula nini, chakula chake kinatoka wapi, na kipo kiasi gani?

Kwanza tukumbuke kwamba sambaza si mwenyeji wa hapa. Jina lake la kitaalamu ni Limnothrissa miodon, na kwao ni Ziwa Tanganyika, ambako Uvira na Kalemie wanamjua katika fungu la ndagala, yaani dagaa, akiwa amechanganyika na nduguye mwembamba zaidi, Stolothrissa tanganicae. Kupanda mwenyewe hadi Kivu hakuwezi. Kivu lipo kwenye mwinuko wa meta 1,460 hivi na Tanganyika lipo chini yake kwa karibu meta 700, na mto Ruzizi unaoyaunganisha hushuka kwa maporomoko ambayo samaki wa ukubwa wa kidole hayawezi. Alibebwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, utawala wa Wabelgiji ukielekea ukingoni, vifaranga vya aina zote mbili vilichukuliwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Stolothrissa hakushika. Limnothrissa alishika, akaenea, na leo ndiye samaki wa kwanza wa ziwa hili kwa wingi.

Waliomleta walikuwa na hesabu nzuri. Samaki wa asili wa Kivu, yaani tilapia, kambale na wale wadogo wa jamii ya Haplochromis, wengi wao huishi karibu na ufuko, kwenye mawe, mchanga na majani. Katikati ya ziwa, kule ambako kamba haigusi chini, kulikuwa na vidudu vya majini visivyo na mlaji wa maana. Chakula kipo, mlaji hayupo: basi alete mlaji. Wazo hilohilo ndilo lililomfikisha bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968.

Sasa tuingie tumboni mwake.

Sambaza anapototolewa ni uzi wa nyama wenye macho. Mdomo wake haupitishi kitu kikubwa, hivyo huanza na mwani mdogo, wanyama wadogo sana wanaoitwa rotifera, na watoto wa kopepodi. Kopepodi ni jamaa ya kamba wale wa majini: mnyama wa nusu milimita au milimita moja, mwenye antena ndefu, anayeogelea kwa kurukaruka. Ukichota maji ya ziwa kwenye glasi na kuitazama dhidi ya jua, vidoti vinavyoruka huenda ni yeye. Hawa ndio bugali wa sambaza, chakula cha kila siku. Samaki wachanga hukaa karibu na ufuko, na huko hupata pia mabuu ya wadudu, hasa ya wale mbu wasiouma ambao jioni nyingine hupanda juu ya maji kama moshi. Akishakua, sambaza huelekea maji ya wazi, na huko kopepodi humshibisha, pamoja na wenzao wachache kama Diaphanosoma na Moina.

Watu hudhani samaki wa namna hii hufungua mdomo na kuchuja maji, kipitacho kikapita. Ndani ya matamvua yake kuna vijiti laini vinavyozuia vidudu visitoke na maji, hilo ni kweli. Lakini sambaza huwinda kwa macho. Humwona kopepodi mmoja, humkamata mmoja, kisha hutafuta wa pili. Jambo hili linaonekana dogo, ila nusu ya mambo ya Ziwa Kivu yanatokana nalo. Mwindaji wa macho huchagua: huchukua kilicho kikubwa na kinachoonekana, huacha kilicho kidogo na kinachopenyeza mwanga. Tena anahitaji mwanga ili ale.

Halafu kuna jambo ambalo walaji wengi wa sambaza hawalijui, na wakilijua hucheka kwanza kabla ya kuuliza kama ni kweli. Sambaza mkubwa hula watoto wa sambaza. Si ajali ya mara moja. Limeonekana Tanganyika na limeonekana Kivu. Kule Tanganyika Limnothrissa mzima hula hata vifaranga vya Stolothrissa. Huku Kivu hana nduguye huyo, kwa hiyo kifaranga kinachopita mbele ya macho yake ni cha kwake mwenyewe, au cha jirani yake. Kwa samaki hakuna ubaya wowote katika hilo. Kifaranga cha sentimeta mbili ni mlo mkubwa kuliko makumi ya kopepodi, na kukikamata ni kazi ndogo kuliko kufukuza vidoti kimoja kimoja.

Tanganyika sambaza anaogopa. Mukeke na jamaa zake wakubwa humfuata usiku na mchana. Kivu hakuna mukeke wala sangala. Kuna ndege, kuna fisi-maji, kuna Haplochromis wachache wanaokula samaki, na kuna sisi. Kwa hiyo idadi ya sambaza wa Kivu inabanwa zaidi na chakula, na wavuvi, na meno yake mwenyewe.

Turudi kwenye mwanga, maana hapo ndipo mama wa Kadutu anaposhinda. Kopepodi si wajinga. Mchana hushuka kwenye maji ya giza ili wasionekane, na jua likizama hupanda kula mwani ulio juu. Sambaza naye anapanga ratiba yake kwa ratiba yao: hula vizuri wakati ule wa katikati, alfajiri na magharibi, kopepodi wakiwa njiani na mwanga ukiwa bado unatosha kuwaona. Usiku wa giza totoro macho hayamsaidii. Ndiyo maana mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ile ambayo wavuvi wake husikika wakiimba wakipiga makasia jioni, hubeba taa. Mwanga huvuta vidudu, na sambaza huja mahali ambapo anaweza tena kuona. Wavu unangoja chini yake.

Mwezi mpevu ukitoka, ziwa zima lina taa. Taa ya mvuvi inakuwa mshumaa mchana. Samaki hana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo, wakashona nyavu, na bei ikapanda. Watu huona hiyo ni kasoro ya uvuvi tu, lakini mwezi hubadili hata ulaji wenyewe. Huko bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako samaki huyuhuyu alifika baada ya kushuka na Zambezi kutoka Kariba, mtafiti wa Poland aitwaye Maciej Gliwicz alionyesha mwaka 1986 kwamba idadi ya vidudu vya majini hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza. Jua linazama, giza linaingia, vidudu vinapanda kwa imani kwamba ni salama, kisha ghafla mwezi unatokea na vyote vimo mezani. Samaki hula mpaka vidudu vinapungua sana, na huchukua wiki kadhaa kurudi. Sijui mtego wa binadamu uliobuniwa vizuri kuliko huo.

Kuna aliyelipa gharama kubwa ya macho hayo hapa Kivu. Kabla ya sambaza kuletwa, sampuli za maji zilizochukuliwa na Wabelgiji miaka ya 1950 zilikuwa na kidudu kingine cha majini, dafnia wa aina ya Daphnia curvirostris. Dafnia ni mkubwa kuliko kopepodi wetu wengi, mzito, huogelea polepole, na mwili wake unaonekana kwa urahisi. Tena ni mlaji hodari wa mwani. Baada ya sambaza kuenea, hakuonekana tena. Katika maziwa mengine marefu dafnia hujiokoa kwa kushuka chini sana mchana, mahali pa giza ambapo samaki hamfikii. Kivu hana pa kushukia. Ziwa lina kina cha meta 485, lakini oksijeni iko juu tu: msimu wa mvua huishia meta 30 hadi 40 hivi, kiangazi hufika 60 au 70. Chini ya hapo ni maji yasiyo na pumzi, yaliyojaa kaboni dioksidi na metani. Mlaji na mliwa wamefungiwa kwenye chumba kimoja chembamba, na mlaji ana macho.

Mwaka huohuo wa 1986, Mbelgiji Henri Dumont aliandika kwa ukali kwamba kumleta samaki huyu lilikuwa janga: angemaliza vidudu, mwani ungebaki bila mlaji, na mwishowe uvuvi wenyewe ungeanguka. Nusu ya kwanza ya hofu yake ilikuwa na msingi. Nusu ya pili haikutimia. Miaka ya 2000, watafiti wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu cha mjini humo, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji walihesabu upya vidudu vya ziwa na kukuta kundi jipya limetulia: kopepodi wadogo ndio wengi, dafnia hayupo, na sambaza bado yupo. Ziwa lilipoteza kitu na halikufa. Wapo wanaolitumia jibu hilo kusema Dumont alikosea kabisa. Mimi nadhani alihesabu vibaya uvumilivu wa kopepodi, lakini alichoona kwa dafnia alikiona sawasawa.

Hadi hapa tumesema anakula nini. Chakula hicho kinatoka wapi ndilo swali gumu zaidi. Kopepodi hula mwani, na mwani huhitaji jua na mbolea, hasa fosforasi na nitrojeni. Jua tunalo mwaka mzima. Mbolea ipo tele, ila ipo chini. Kila kinachokufa juu huzama, huoza kule kwenye giza, na kubaki humo, kwa sababu maji ya chini yana chumvi na gesi iliyoyeyuka na ni mazito. Hayachanganyiki na ya juu. Mito na mvua huleta kidogo. Sehemu kubwa ya fosforasi inayofika juu hupandishwa polepole sana na chemchemi zilizo chini ya ziwa, ambazo huingiza maji na kusukuma yaliyopo kuelekea juu.

Kisha unakuja mwezi wa sita. Upepo mkavu wa kusini unaanza, hewa inakausha na kupoza uso wa ziwa, na maji yaliyopoa yanazama. Tabaka la juu linachanganyika hadi kina ambacho msimu wa mvua hakifiki, na mbolea iliyokuwa imejikusanya pembeni mwa mpaka huo inapanda kwenye mwanga. Diatomu, mwani wenye ganda la kioo, huchanua. Kopepodi huzaliana wakiwafuata. Sambaza hunenepa wakifuata kopepodi. Mnyororo wote huo unasubiri upepo wa wiki chache, na mwaka ambao upepo ni dhaifu hakuna mvuvi wala mkuu wa soko anayeweza kuurekebisha.

Ili kuona jinsi hali hii ilivyo ya pekee, mtazame samaki mwingine anayekula karibu chakula hichohicho upande wa pili wa dunia. Salmoni wa aina ya sockeye, Oncorhynchus nerka, wa Alaska na Kanada, huanza maisha ziwani. Mwaka mmoja au miwili, mara nyingine mitatu, yeye ni mfano wa sambaza: ana vijiti vingi vya matamvua, hula dafnia na kopepodi, mchana hujificha chini na hupanda magharibi na alfajiri ili ale kabla ya samaki wakubwa kumwona vizuri. Baadaye hushuka baharini, hula krili, yaani vijikamba vya baharini, na vidudu vingine, na rangi ile nyekundu ya nyama yake hutoka kwenye chakula hicho. Karibu uzito wake wote anaupata huko. Kisha hurudi kwenye mto au ziwa alikozaliwa, hutaga na kufa, na mwili wake unaooza unaacha fosforasi na nitrojeni ya bahari katika maji yanayohitaji mbolea. Anawalisha watoto wake kwa kufa kwake, kwa kupitia mwani na dafnia. Wakanada waliona watu wakivua wengi kiasi kwamba mbolea hiyo hairudi, na mwaka 1970 walianza kumwaga mbolea ya viwandani kwenye Great Central Lake, kisiwani Vancouver. Vidudu viliongezeka, na samaki pia.

Kwa hiyo nimewahi kusikia pendekezo: nasi tumwage mbolea Kivu. Hapana. Ziwa la sockeye ni maskini wa mbolea na lina oksijeni hadi chini. Letu ni tajiri mno, ila utajiri umefungiwa. Ukilisha mwani wa juu kupita kiasi, utakaozama utaoza, utakula oksijeni ya lile tabaka jembamba, na chumba cha sambaza kitazidi kuwa kifupi.

Hoja hiyohiyo ndiyo ya gesi. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi nchini Rwanda, unaozalisha umeme tangu 2016, huvuta maji ya kina kirefu, hutoa metani, kisha huyarudisha maji chini, mbali kabisa na tabaka la samaki. Kuyarudisha chini ni sharti, na sambaza ni moja ya sababu: yakimwagwa juu yangeleta mbolea nyingi na gesi chafu kwa mara moja. Hatari ipo pale sharti litakapovunjwa. Kumlaumu mtambo kwa rundo dogo la wiki hii huku mwezi ukiwa mpevu ni kumwonea.

Kiasi je? Hapa kuna hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza, kutoka mwani kwenda kopepodi, na kutoka kopepodi kwenda samaki, kila hatua hubakiza kama sehemu moja katika kumi. Zilizobaki zinaishia katika kupumua, kutembea na kuoza. Kivu ina shida ya ziada, maana sehemu kubwa ya mwani wake ni midogo kupita kiasi, vijiseli ambavyo kopepodi hawezi kuvikamata. Ni lazima kwanza viliwe na viumbe vya seli moja, ndipo hao waliwe na kopepodi. Hatua moja zaidi, sehemu tisa katika kumi nyingine zimepotea. Vipimo vya mwangwi, vile vinavyohesabu samaki kwa sauti, vilifanyika miaka ya 1980 na tena karibu miaka ishirini baadaye, na mara zote vilitoa picha moja: tani elfu chache tu za sambaza ziwani kwa wakati mmoja.

Pili, hiyo ni akiba, si mavuno. Sambaza hukomaa kabla ya kutimiza mwaka na huishi muda mfupi, hivyo akiba hujizalisha haraka, na mavuno ya mwaka yanaweza kuizidi akiba ya siku moja bila ziwa kuisha. Lakini kasi hiyo inategemea samaki kufika ukubwani. Na hapo ndipo chandarua kinapoumiza. Mwili ukirefuka mara 3, uzito huongezeka karibu mara 27. Anayechota kifaranga cha sentimeta tatu amechukua sehemu ndogo sana ya kile ambacho kingepatikana miezi michache baadaye kwa samaki yuleyule wa sentimeta tisa, aliyenenepeshwa bure na kopepodi. Wenye vyandarua hujitetea kwamba vifaranga vingi vingekufa hata hivyo. Hilo si uongo, tumeona wakubwa wanavyovila. Ila kifaranga kilicholiwa na sambaza mkubwa kinabaki ziwani kama nyama ya sambaza mkubwa, na huyo bado anaweza kuvuliwa.

Ufuko huo wa wachanga umepata pia mgeni. Tangu mwaka 2006 ameonekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye Wanyarwanda humwita rwanda rushya. Ukimkuta kwenye rundo utamjua kwa mdomo unaotazama juu na, kwa madume, vitone vya buluu vinavyong'aa ubavuni. Hutaga kwenye nyufa za mawe, hivyo hang'oki ufukoni kirahisi, na hula wadudu wanaoanguka juu ya maji pamoja na vidudu vya majini, yaani kilekile ambacho sambaza mchanga anakitafuta kabla hajawa na umri wa kwenda katikati ya ziwa.